Usimfungulie Hata Akikuambia Nini

Mteja wangu alinifungia ndani ya nyumba yake kwa kufuli, saa tatu asubuhi, nikiwa na akili zangu timamu na begi la vifaa begani.

Tena alinifungia huku akiniomba radhi.

Ngoja niwasimulie vizuri, maana nikiishia hapo mtasema nilitekwa.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Mwanamke, ndiyo, na wanaoshangaa washangae taratibu. Kibandani kwangu wananiita Bisibisi. Nina mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi, na huo mdomo ndio umeniletea balaa nyingi.

Jambo jingine mlijue mapema: mimi na mlango uliofungwa hatupatani. Hata chooni naacha upenyo.

Basi, nesi mmoja alinipigia simu. Kompyuta ya baba yake ilikuwa imekufa wiki tatu. Ya zamani, ile ya kulala, skrini inakaa juu yake.

"Ukibonyeza inafanyaje?"

"Feni inazunguka kidogo tu, inasimama."

Nikamwambia anisomee namba iliyoandikwa nyuma, nikachakura makorokoro yangu mpaka nikapata madabodi ya aina hiyo. Madabodi, kwa asiyejua, ni ule ubao mkuu ambao kila kitu ndani ya kompyuta kimepandwa juu yake. Ukifa huo, vingine vyote vinaweza kuwa vizima lakini havina pa kukutana.

Nilipofika, mlango wa mbele ulikuwa geti la nondo. Nyuma ya geti korido fupi, na ukutani, karibu kabisa na mlango, godoro jembamba lililokunjwa.

Nesi alikuwa ameshavaa sare. Macho mekundu.

"Dada, samahani sana, nitakufungia humu. Nitatoka kazini saa kumi na moja."

"Unanifungia mimi?"

"Nakufungia na baba. Ana tatizo la kusahau. Ataongea na wewe vizuri mpaka unione mimi ndiye mgonjwa. Usimfungulie hata akikuambia nini."

"Niachie basi ufunguo, kukitokea jambo."

"Nimebaki na huu mmoja. Wa pili ulipotea." Akashusha sauti. "Nakuomba uiwashe tu hiyo kompyuta. Ikiwaka anacheza drafti, anatulia. Tangu ife anatikisa hili geti mpaka viganja vinavimba."

Kufuli likalia kaa! Viatu vyake vikashuka ngazi haraka haraka.

Jasho likanitoka pale pale.

Na hasira ilinipanda. Kwa nini? Kwa sababu wiki mbili kabla nilikuwa nimegombana na dada yangu mkubwa, anayekaa na mama yetu aliyeanza kusahau. Dada alificha viberiti, akalifungia jiko. Nikamwambia kwenye simu kwamba amemfanya mama mfungwa. Alikata simu.

Kwa hiyo nilipoangalia lile godoro mlangoni, nilishahukumu. Nikasema moyoni, kumbe hata kulala wanamlaza korido.

"Karibu, binti. Wewe ndiye fundi?"

Mzee alikuwa amesimama mlango wa chumbani. Shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni.

"Shikamoo, mzee. Ndiyo mimi."

"Marahaba. Na mimi fundi. Miaka thelathini na moja kwenye laini za simu. Ingia tumwone mgonjwa."

Chumba kilikuwa na kitanda, meza, na dirisha moja la nondo linalotazama ukuta wa jirani. Ukuta uko karibu kiasi kwamba ungeweza kuugusa kwa ufagio. Hewa haikuwa inaingia wala kutoka.

Nikaifungua kompyuta. Vumbi la miaka. Nyuma, kibati kimoja cha kuzibia tundu hakikuwepo, pamebaki wazi. Nikaona, nikapita.

"Madabodi hii, mzee. Nimekuja na nyingine."

"Taratibu! Umepima nini?"

Mita yangu ya kupimia umeme ilikuwa bado begini.

"Usianze kulaumu ubao," akasema. "Anza na umeme unaoingia, fuata waya, ubao uwe wa mwisho kulaumiwa."

Jamani, nilifundishwa kazi yangu na mzee wa miaka sabini na kitu, na alikuwa na haki.

Nikachomoa pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme. Nikaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kibanio cha karatasi, feni yake ikazunguka vizuri. Mzee akashika mita mwenyewe. Mkono haukutetemeka.

"Kumi na mbili. Tano. Tatu nukta tatu. Umeme ni mzima. Endelea."

Tukairudisha kwenye ubao. Feni nusu mzunguko, kimya. Tukatoa diski. Nusu mzunguko, kimya. Tukatoa memori, tukabadili hata ile betri ndogo ya saa. Kimya.

"Kuna mahali umeme unakutana na usipotakiwa kukutana," mzee akasema. "Inajizima ili isiungue."

Mtu anayesema hivyo ndiye mgonjwa wa kusahau? Thubutu! Mimi nasahau niliweka wapi miwani ikiwa usoni, mbona sifungiwi?

Kila mara aliinuka, akafunua godoro la kitanda, akakung'uta viatu, akavuta droo.

"Unatafuta nini, mzee?"

"Kitu changu. Nilikiweka mahali pazuri sana."

Kisha akaketi, akaangalia geti kwa mbali.

"Binti, nimefungwa humu kama kuku anayesubiri wageni. Mtoto wangu mwenyewe. Nimekosa nini?"

Kifua kilikuwa kimenibana tangu asubuhi, lakini mimi nilijua saa kumi na moja nitatoka. Yeye alikuwa anasubiri saa ngapi?

Saa saba mchana nikafungua skrubu sita za madabodi. Nikaunyanyua ubao.

Chini yake, umelala bapa kwenye bati, kulikuwa na ufunguo wa kufuli.

Nikaugeuza ubao. Doa jeusi mgongoni, pale pale ufunguo ulipogusa. Meno ya ufunguo nayo yameungua. Kumbe ndio ulioiua kompyuta. Mtu aliusukuma kupitia lile tundu la nyuma, ukateleza mpaka chini ya ubao.

"Umeuona!" Mzee alipiga makofi. "Nilisema niliuweka mahali pazuri! Pale mtoto wangu hawezi kutazama."

Wiki tatu alikuwa ameukalia ufunguo wa uhuru wake, anautafuta viatuni.

Hapo mwenye akili angeuliza: mtu mzima anafichaje kitu halafu anasahau alikificha wapi? Mimi sikuuliza. Nilikuwa na ufunguo mkononi na mlango mbele yangu.

"Mzee, twende tukanyooshe miguu. Dakika kumi."

Nikapitisha mkono katikati ya nondo, nikalifikia kufuli, likafunguka.

Hewa ya nje, jamani! Nilitaka kuruka. Mzee alitembea mikono nyuma, anasalimia watu, ananionyesha nguzo alizowahi kupanda. Nikamlaani nesi kimoyomoyo kwa kila hatua.

Tulipofika kona, niligeuka mimi tu. Yeye aliendelea.

"Mzee, turudi sasa."

"Nina zamu saa nane. Mwenzangu hawezi kuondoka mpaka nifike."

Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Akashuka barabarani bila kutazama kulia wala kushoto. Lori lilipiga honi mpaka masikio yakaziba. Nilimvuta mkono, tukaangukia ukingoni wote wawili.

Akaniangalia. Yale macho hayakuwa yananifahamu kabisa.

"Wewe nani?"

"Fundi, mzee. Bisibisi."

"Niache! Jamani nisaidieni! Huyu mwanamke ananiteka!"

Watu wakajaa. Mmoja akanishika bega, mwingine akauliza nampeleka wapi. Nikazungukwa pande zote, na simu yangu nimeiacha mezani kwa nesi. Nilikuwa nje, kwenye jua, na sijawahi kufungiwa namna ile maishani mwangu.

Fundi viatu wa pale kona akajipenyeza.

"Mwacheni. Huyo ni baba yake nesi." Kisha akanigeukia mimi. "Nani amemfungulia? Mara ya mwisho alipatikana siku ya tatu, yuko mtaroni."

Nikausokomeza ufunguo mfukoni.

Mzee alikuwa anatetemeka, anarudi nyuma, anarudi barabarani. Nikisogea, anapiga kelele. Fundi viatu akisogea, anarusha ngumi.

Sijui wazo lilitoka wapi. Nikasimama wima, nikaongea kama mtu wa ofisini.

"Mkuu, kuna laini imekufa. Umeme unafika, lakini hakuna mlio. Tumepima tumeshindwa."

Akaacha kutetemeka. Akaweka kalamu sawa mfukoni.

"Iko wapi?"

"Hapa karibu. Nifuate."

Akanifuata. Njia nzima ananiuliza kama tumepima waya mmoja mmoja, nami najibu ndiyo mkuu, machozi yananitoka.

Tukaingia. Nikapitisha mkono kwenye nondo, nikalifunga lile kufuli. Mkono huu huu ninaoandikia. Nikalivuta mara mbili kuhakikisha limebana.

Chumbani akaiona kompyuta iliyofunuliwa, akatabasamu.

"Karibu, binti. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, mzee."

"Na mimi fundi. Usianze kulaumu ubao."

Nikamwonyesha doa jeusi. Akaligusa kwa kidole, akatikisa kichwa. "Huyu hawezi kupona. Mbadilishe."

Nikaufunga ubao mwingine. Nikahamisha prosesa, nikaipaka girisi mpya, nikarudisha memori na diski. Mzee alinipa skrubu moja moja, zote sita, hakupoteza hata moja. Nikamwambia abonyeze yeye.

Feni ikazunguka, haikusimama. Mlio mmoja mfupi. Skrini ikawaka.

Kufikia saa kumi alikuwa anacheza drafti, anaibishia kompyuta kwa sauti. Geti hakuligusa.

Nesi aliporudi alisimama korido kwanza, anasikiliza. Nadhani alikuwa anasikilizia kelele za nondo.

Nikamwekea ufunguo mkononi. Nikamweleza yote, na lori, na mtaa, sikuficha. Nilisubiri anitukane, nilistahili.

Hakunitukana. Aliketi chini, juu ya lile godoro lililokunjwa, na sare yake.

"Ulikuwa ndani ya kompyuta?"

"Chini ya madabodi."

"Dada, tangu upotee nilijua anao yeye. Nilipekua kila mahali. Kununua kufuli jingine nilinunua, lilinikatalia kwenye hili geti. Kwa hiyo nikawa nalala hapa mlangoni, akitaka kutoka anikanyage niamke." Akafunika uso kwa mikono. "Wiki tatu sijalala, dada. Kila akigeuka kitandani naamka."

Godoro lilikuwa lake.

Mtu niliyemlaani mchana kutwa ndiye aliyekuwa amefungwa kuliko sisi wote, na ufunguo wake ulikuwa chini ya ubao.

Aliutazama ule ufunguo ulioungua, akausokomeza sidiriani, akaegemea ukuta. Kabla sijamaliza kukusanya bisibisi zangu alikuwa amelala, mdomo wazi, viatu miguuni. Ilibidi niketi nao saa nzima, nyuma ya kufuli, kwa sababu sikuwa na moyo wa kumwamsha anifungulie.

Na kifua hakikunibana.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi methali hiyo nilikuwa naisema tu, kama wimbo wa shule. Siku hizi, ukiniletea habari ya mtu anayemtunza mzazi, nitakuuliza kwanza umewahi kuishika zamu hiyo hata kwa dakika kumi. Mimi niliishika, nikakaribia kumuua mzee wa watu.

Nilipotoka nilisimama kwenye ngazi, nikampigia dada yangu. Simu iliita muda mrefu. Akapokea.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kuomba msamaha. Yote yakanikimbia.

"Dada," nikasema, "wewe huwa unalala saa ngapi?"

Akaanza kulia.