Jiwe Niliiba Mimi, Kazi Akafukuzwa Rafiki Yangu

Admin, naomba unisitiri jina. Mimi ni mama wa miaka themanini na moja, mjane, nakaa Busia upande wa Kenya na binti yangu. Najua wengi humu ni rika la wajukuu zangu, lakini jambo hili siwezi kumpelekea mchungaji wetu, maana anamjua huyo nitakayemtaja. Nisomeni tu. Mkinitukana nitavumilia.

Miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mchanga, nilikuwa nimeolewa Tororo, Uganda. Nilipata kazi ya usafi katika nyumba ndogo ya makumbusho iliyokuwa na chumba cha mawe ya thamani. Yalikaa kwenye kabati la kioo: jekundu, la kijani, jeupe lenye mshipa wa dhahabu kutoka mashimo ya Tiira, na dogo la zambarau, ukubwa wa punje ya njugu. Hilo la zambarau jua likilipiga, ungedhani lina taa ndani.

Tulikuwa wasafishaji wawili. Mwenzangu nitamwita Nabwire, si jina lake. Kwao Masafu. Tulifuta vioo huku tukipiga domo: nani kasaga unga wapi, mafuta ya taa yamepatikana duka gani, mtoto wa nani ana surua. Nabwire hakuwa na siri kwangu. Wiki ile aliniambia, "Dada, mimi Ijumaa jioni nakwenda Busia, ng'ambo ya Kenya, kwa mama mkwe. Nimeuza kuku wangu wawili, nimenunua yeye leso. Safari hii atacheka na mimi."

Nilimcheka, nikamwambia mama mkwe hashibi leso.

Mimi nilikuwa na wifi yangu, dada wa mume wangu, mwenye ulimi. Kila nikisema nafanya kazi kwenye mawe ya thamani, alijibu mbele ya watu, "Wewe kazi yako ufagio. Hayo mawe unayajulia wapi?" Maneno hayo yalinichoma kuliko mnavyodhani.

Ijumaa hiyo msimamizi alitufungulia kabati tufute ndani. Nabwire alitoka kwenda kuchota maji. Mkono wangu ukaingia, ukachukua lile la zambarau, nikalifunga kwenye pindo la leso yangu. Naapa nilitaka kulirudisha Jumatatu. Nilitaka wifi alione, basi.

Akaliona. Jumapili baada ya kanisa alilishika, akaligeuza, akaita na majirani. Siku hiyo niliheshimiwa. Nilipika kuku.

Jumatatu nilifika mapema ili nilirudishe, nikamkuta msimamizi kasimama mlangoni, kabati liko wazi nyuma yake. Jiwe lilikuwa kifuani mwangu, ndani ya nguo. Akauliza, "Ijumaa mlikuwa wawili. Nani kachukua?"

Ningeweza kulitoa. Ningepiga magoti, nikalia, labda angenisamehe. Badala yake mdomo wangu ukasema, "Mimi sijui, bwana. Nabwire ndiye aliyevuka kwenda Kenya siku hiyo hiyo, na leso mpya ya mama mkwe mkononi."

Nabwire akaingia dakika hiyo, anacheka, kabeba samaki wakavu aliotuletea sisi sote. Msimamizi akamuuliza, "Mwezi haujaisha, mshahara bado. Leso ya mama mkwe umeitoa wapi?"

"Nimeuza kuku, bwana. Dada huyu anajua. Dada, sema."

Wote wakanitazama. Nikasema, "Ya kuku mimi sikusikia."

Alinitazama kama mtu aliyekosea nyumba. Kisha, mnajua alisema nini? Alisema, "Labda nilisema wakati dada ameenda nje." Alinitafutia sababu mimi! Akafukuzwa palepale, samaki wake wakabaki mezani.

Baada ya wiki nilisukuma jiwe nyuma ya kabati ili lionekane. Likaonekana. Nikadhani watamwita Nabwire arudi. Msimamizi akasema, "Yule mwizi alilificha hapo aje kulichukua baadaye." Nikanyamaza tena. Sokoni Masafu wakamwita Nabwire wa Mawe. Mama mkwe aliirudisha ile leso, akisema hataki kitu cha wizi mwilini.

Ubaya zaidi ni kwamba hakuacha kuwa rafiki yangu. Nilipofiwa na mume alilala kwangu siku tisa, akipika, akiosha watoto. Aliwahi kuniambia, "Watu wote walinikimbia, dada. Wewe tu ulibaki." Watoto wake wananiita mama mdogo.

Sasa Nabwire anaumwa, hatoki kitandani. Wiki iliyopita alinipigia simu, sauti imekwisha. Watoto wake wanamwandalia ibada ya shukrani nyumbani, Jumamosi ijayo. Akasema, "Dada, waliofanya kazi pale wote wamekufa, tumebaki wewe na mimi. Nataka usimame mbele ya watoto wangu, useme mama yao hakuwa mwizi. Wewe wataamini. Mimi nikisema, wanasema mama anajitetea."

Nilimjibu, "Nitakuja." Akanishukuru mpaka nikakata simu.

Binti yangu, niliyemweleza jana kwa mara ya kwanza, alisema, "Mama, sema tu hakuiba, inatosha. Hayo mengine yatamuua yule mama." Lakini nikisema hakuiba na nikaketi, mtoto wake mmoja tu akiuliza, "Sasa nani aliiba?", nitajibu nini? Na nikisema yote, nitakuwa nimemnyang'anya rafiki pekee aliyedhani anaye, siku zake za mwisho. Nikikaa kimya, atazikwa na jina langu la wizi.

Ndugu zangu, Jumamosi iko karibu. Nguo nimeshafua. Nikisimama mbele ya wale watoto, nifungue mdomo niseme nini?