Kifundo cha Severino

Nimefanya kazi ya kufunga nyuzi za raketi za tenisi pamoja na Severino Cravero miaka kumi na tisa, na sijamwona akimwonea mtu wivu wa gari wala wa nyumba. Wivu wake ulikuwa mmoja tu: kwamba raketi za Ivo Ghibaudo sasa zilifungwa nyuzi na mtu mwingine.

Duka lake liko mtaa wa Borgo San Paolo, mlango mwembamba kati ya kinyozi na muuza jibini. Ivo aliingia pale akiwa na miaka tisa, amebeba raketi ya dada yake iliyokatika nyuzi mbili. Severino alimfungia siku hiyo, akaendelea kumfungia mpaka alipofika miaka kumi na saba na kuondoka kwenda kucheza duniani. Mtoto alikuwa akisubiri juu ya kreti la soda, na kazi ikiisha anakitafuta kifundo cha mwisho kwa dole gumba. Maana Severino ana kifundo chake mwenyewe: anazungusha uzi mara mbili pale ambapo sisi wengine tunazungusha mara moja, halafu anauficha mkia kwa chini. "Hiki cha barba," Ivo alikuwa akisema. Barba ni mjomba, na Severino hakuwa mjomba wake, lakini aliitikia.

Basi mashindano ya kufunga msimu, ya wanaume wanane bora wa mwaka, yalipokuja hapa Torino na Ivo akiwa mmoja wa hao wanane, Severino alipiga pasi shati. Mimi na yeye tulichukuliwa kwenye chumba cha mafundi, chini ya majukwaa, mashine sita na hakuna dirisha. Jumatatu begi la Ivo likafika, na nyuma ya begi akafika Mswidi mrefu.

"Huyu ni Joakim," kocha wa Ivo akatuambia. "Ndiye anayemfungia Ivo, anasafiri naye mwaka mzima."

Joakim alikuwa mpole, anafuta mashine yake kila akimaliza, na upole wake ulizidi kumkera Severino. Kila siku mzee alileta mikate ya dagaa na mchuzi wa kijani, akatugawia sote, akamruka Mswidi.

"Unamwangalia mtoto wa watu kama mke mwenza," nikamwambia.

"Mke mwenza angalau anajua kupika. Huyu anavuta nyuzi kwa kilo ishirini na mbili tu, Fiorenza. Hizo ni nyuzi au wavu wa kuvulia samaki?"

"Si ndivyo Ivo anavyotaka?"

"Ivo anataka anachoambiwa anataka."

Ivo mwenyewe alishuka Jumatatu ile ile, kabla ya mechi yake ya kwanza. Alimkumbatia mzee, akamwambia, "Barba, umenenepa," wakacheka. Kisha akaenda kwenye mashine ya Joakim, wakainamisha vichwa juu ya raketi moja karibu nusu saa, wakinong'ona. Severino alipewa kumbatio, naye alikuwa anataka begi. Nilimwona anavyokunja na kukunjua kile kitambaa chake cha kufutia mikono, nikajua leo hatakula.

Ivo alishindwa mechi hiyo, ya kwanza kati ya tatu za kundi lake. Mipira yake mingi ilitoka nje kwa upana wa kidole. "Unaona?" Severino akasema. "Zimelegea, mpira unaruka. Mkono ule unataka ishirini na tano. Naujua tangu haujaota nywele." Jumatano Ivo alishinda, na Severino akasema ni bahati. Ikabaki mechi ya Ijumaa, ambayo akishindwa anaaga mashindano.

Ijumaa asubuhi Joakim aliamka na homa, hawezi kusimama. Raketi nne alikuwa amekwisha kuzifunga, zimebaki mbili. Kocha akazileta na karatasi mkononi. "Kilo ishirini na mbili, kama ilivyoandikwa," alianza kusema, na Severino alikwisha kuzishika.

Sijawahi kumwona akifanya kazi vizuri vile. Lakini mashine yangu iko ubavuni mwa yake, na tarakimu zinawaka kwa rangi nyekundu. Zilisema ishirini na tano. Alipomaliza alizitia raketi kwenye mifuko ya nailoni, na juu ya kila mfuko akabandika karatasi: 22.

Akaniona nikiona.

"Namjua," akasema taratibu. "Atasikia mkono wangu, atauliza mwenyewe."

Ningeweza kumwita kocha. Sikumwita, na si kwa wema.

Mechi ilianza saa nane mchana. Wenzetu watatu walipanda juu kuangalia, tukabaki wawili na runinga ya ukutani. Seti ya kwanza Ivo akaichukua. Ya pili, mipira mipya ilipoletwa, alichana mfuko na kutoa raketi mpya, na nilijua ni ya nani kwa namna Severino alivyoacha kutafuna.

Mpira wa kwanza ukaingia wavuni. Wa pili, wavuni. Wa tatu uligonga ukingo wa wavu ukaanguka upande wake. Severino aligeukia ukuta, akawasha mashine juu ya raketi ya mchezaji mwingine, akaiacha ingurume.

Kwa hiyo hakuona, wala hakusikia. Mimi niliona. Ivo alizipiga nyuzi kwa kiganja, akasikiliza. Akaigeuza raketi, akapitisha dole gumba pembeni mwa fremu mpaka likasimama mahali pamoja. Kisha akaenda kwenye kona ya kocha, na kinasa sauti kikayaleta maneno yake kwenye runinga, nami nilikuwa nimeisogelea.

"Hii kaifunga barba," alisema. "Ananifungia kana kwamba bado nina miaka kumi na saba. Nipe ya Joakim."

Akashinda. Mhudumu wa uwanjani akatuletea ile raketi na karatasi: ifungwe upya, 22. Severino akazima mashine, akavua miwani.

"Amesemaje?"

"Kasema imekaza."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Kifundo je? Alikitafuta kifundo?"

Kwa miaka yote niliyomjua, mtu huyu alitaka kitu kimoja, kwamba mkono wake ujulikane. Sasa alinitazama kama mgonjwa anayemtazama daktari, akiomba jibu lililo kinyume, kwamba haukujulikana.

"Hakukitafuta," nikasema.

"Afadhali." Akakaa kwenye kiti chake. "Afadhali, basi. Hakujua ni mimi."

Alinisukumia raketi, nikaanza kukata nyuzi kutoka katikati, kama inavyotakiwa ili fremu isipinde. Kifundo chake nilikiacha cha mwisho. Kilikuwa kigumu kukifungua. Watu wakisikia kisa hiki husema nilimdanganya kwa huruma, nami huwaacha waseme hivyo. Lakini nimefunga raketi miaka kumi na tisa, za mabingwa na za watoto wa shule, na hakuna hata mchezaji mmoja aliyewahi kuweka kidole juu ya kifundo changu akanijua. Severino alikipata kitu hicho, mbele ya watu elfu kumi, na mimi nikamnyima.