Kina cha Mchanga wa Mwalimu

Mwezi uliopita niliingia katika duka la simu karibu na stesheni ya Tabora kununua chaja, nikakuta tangi la kioo lenye maji ya chumvi, matumbawe na samaki watatu wa rangi ya chungwa. Mchanga wake ulikuwa wa kina cha vidole vinne. Sikuweza kunyamaza.

"Kijana, mchanga huu haufai. Ama vidole viwili, ama kiganja kizima. Hapo katikati ni matatizo matupu."

"Shikamoo, bibi," muuzaji akajibu akicheka. "Kumbe Tabora tuna wataalamu wa bahari!"

"Marahaba. Mtaalamu ni aliyenifundisha."

Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri simu yake itengenezwe akadakia: "Anamsema yule mwalimu wa pwani wa zamani. Samaki wake si waliuawa na umeme? Ulikatika, wakafa wote. Mji mzima unajua."

Mji mzima unajua uongo. Nimestaafu baada ya miaka mingi katika masjala ya serikali, ambako kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba jalada halisemi jambo ambalo halikutokea. Basi niruhusu, msomaji wangu, nilinyooshe na hili.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa, nikiishi na bibi mzaa mama katika nyumba iliyopakana na nyumba za walimu. Mama alikuwa Urambo akichambua tumbaku. Alikuja msimu ulipokwisha, kama alikuja. Watoto wa jirani walikuwa wengi, lakini kila mmoja alikuwa na ndugu zake. Mimi nilikuwa na mtungi wa bibi. Ulikaa pembeni juu ya mchanga wenye unyevu ili maji yapoe, na kila Jumamosi nilichota mchanga ule, nikauosha mara tatu, nikauanika juani, nikaurudisha. "Mchanga usiooshwa humsema mwenye nyumba," bibi alikuwa akisema, na wanawake wa mtaa ule kweli walisemana.

Mwalimu wa sayansi, yule wa pwani, hakuwa na mke wala mtoto. Sebuleni kwake kulikuwa na tangi la kioo, na maji ya bahari yalimfikia kwa treni, ndani ya madumu. Jambo hilo lilimstaajabisha bibi. Babu wa babu yake alitembea miezi hadi pwani na pembe ya ndovu begani, akarudi bila hata kikombe cha bahari. Huyu analetewa kwa behewa!

Kila siku saa kumi nilikwenda kuukagua mchanga. Mwalimu alilaza kiganja chake kwenye kioo, na mchanga ulipaswa kufika kuanzia kidole cha mwisho hadi gumba. Ulipopungua, maana mchanga wa matumbawe huyeyuka polepole, aliongeza kikombe kimoja tu, akikishusha hadi chini kabisa kabla ya kukimimina. Kamwe hakuukoroga.

"Unauona umelala," aliniambia, "lakini ndio unaofanya kazi humu. Juu kuna minyoo. Chini, kusikofika hewa, kuna viumbe wasioonekana wanaomaliza uchafu. Ukiwavuruga, sumu inapanda."

"Na ule weusi, Mwalimu?"

"Ni wao hao. Waache."

Kisha tuliketi barazani, tukala michembe ya bibi, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, tukisikiliza pampu ikinguruma na viputo vikipasuka. Hatukuzungumza sana. Lakini ile ilikuwa nyumba pekee ambamo mtu aliniuliza siku yangu imekwendaje, akangoja jibu.

Siku moja akapata habari ya msiba wa mama yake. Kabla ya kusafiri aliniachia ufunguo. "Chakula, chembe kidogo tu. Maji yakipungua, ongeza ya mvua. Mchanga usiuguse."

Siku ya tisa weusi ulikuwa umepanda kwenye kioo kama masizi. Nikamwona Mwalimu akilini mwangu akirudi na majonzi yake, akikuta uchafu, na mimi ndiye niliyeachiwa nyumba. Bibi alikuwa shambani. Hakunituma, wala hakuna aliyenituma. Niliuchota mchanga wote kwa bakuli. Harufu ya mayai viza ikajaa sebuleni, nami nikaona ni ushahidi kwamba nilikuwa sahihi. Niliuosha mara tatu bombani, nikauanika mkekani, nikaurudisha. Mwingi ulikwenda na maji. Vikabaki vidole vitatu, vyeupe kama unga wa muhogo. Nilijipongeza.

Kesho yake samaki walikuwa juu wakitweta. Siku iliyofuata, kufikia adhuhuri, walikuwa wamekufa wote. Umeme ulikatika jioni. Naomba mpangilio huo uandikwe hivyo hivyo.

Mwalimu aliporudi, bibi alimpokea akiwa amenishika mkono. "Pole sana na msiba, baba. Na huku nako umeme umetufanyia ubaya." Hakuwa ameniambia kwamba angesema hivyo.

Mwalimu alipiga magoti, akalaza kiganja chake kwenye kioo. Aliutazama mchanga, kisha akanitazama mimi.

"Ulikatika muda mrefu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi ni umeme," akasema.

Sikurudi tena. Nilianza kupita njia ya reli ili nisiione nyumba yake, na muhula ulipokwisha akahamishwa. Niliamini amenichukia, nikakua na imani hiyo. Bibi alipokuwa katika ugonjwa wake wa mwisho ndipo aliponiambia kwamba Mwalimu alifika kwetu mara tatu kuuliza kama ninaumwa, naye, kwa kunisitiri, alimjibu kwamba masomo yamenizidi.

Nyumba za walimu zimevunjwa. Pamebaki ukuta na nyasi. Bibi hayupo, na hakuna anayesubiri bahari kwa treni. Nimesahihisha majina na umri wa maelfu ya watu nisiowajua, lakini Mwalimu sina hata anwani ya kumwandikia. Bibi alisema kwamba hadi siku Mwalimu alipofunga mizigo, kila saa kumi alitoa viti viwili barazani, akaketi kwenye kimoja.