Chaki ya Buluu Kitovuni

Fundi cherehani huyu ni mtu wa kushika neno. Nesi alipomwambia kitovu cha mtoto hakipakwi kitu, kiachwe kikavu, nepi ikunjwe chini yake mpaka kidondoke chenyewe, alilishika hivyo hivyo. Akamwapisha mumewe. Akamwapisha na mama yake mzazi, aliyemfundisha ushonaji na ambaye mpaka leo anashona naye chumba kimoja, mashine zao zikitazamana. Wote wawili wakaitika, "Sawa." Kuitika hakuchoshi mtu.

Aliyemtia wasiwasi ni mama mkwe. Yule bibi ana mdomo, na kila akija lazima asimulie enzi zao watoto walivyopakwa hiki na kile. Fundi akawa habanduki kwa mtoto bibi akiwepo. Hata maji ya kuogea aliyachungulia kwanza.

Asubuhi moja alifungua nepi, harufu ikampiga puani. Ngozi kuzunguka kitovu ilikuwa nyekundu, ya moto, na mtoto alilia alipoguswa. Mama mkwe ndiyo kwanza alikuwa anavua viatu mlangoni.

"Mama, umempaka nini mwanangu?"

"Mimi? Sijampaka kitu, mwanangu."

"Usinifanye mjinga! Tangu siku ya kwanza ulikuwa unatafuta nafasi!"

Akamtolea uvivu, hakumbakizia kitu. Bibi akavaa viatu vyake tena, machozi yakimlengalenga, akaondoka bila hata kukaa. Mume alikuwepo, ameinamia simu, wala hakutia neno.

Kule zahanati, nesi alilowesha pamba akapangusa taratibu shinani mwa kitovu. Pamba ikatoka na rangi ya buluu.

"Hiki ni nini tena?"

Fundi alikijua. Ni chaki ya kuchorea vitambaa. Yeye hakuwa ameigusa tangu ajifungue, na nyumbani kwao anayeishika ni mmoja tu. Hakusikia vizuri hata maelezo ya dawa, ikabidi nesi arudie, na kumsifu kwamba amewahi kabla wekundu haujasambaa.

Aliporudi nyumbani na kumuuliza, mama yake mzazi hakukana. Hata mashine hakuisimamisha. "Nilisaga kidogo tu, inyonye majimaji. Wewe mwenyewe nilikupaka, na si umekua?"

"Uliniitikia, mama. Ulinitazama machoni ukaniitikia."

"Ningekubishia ungenisikiliza?"

Fundi akamgeukia mumewe. "Na wewe ulijua?"

"Mama yako hapa aliniambia nisikwambie. Alisema utapata presha bure."

Iliyomchoma ni hiyo. Mzazi wake kumzunguka ilimuuma, lakini huyu mwanaume alikaa pale akijua kila kitu, akaacha mama yake aliyemzaa atukanwe mpaka akavaa viatu. Hakuwa na hamu hata ya kugombana naye. Alimbeba mtoto akatoka.

Mama mkwe alifungua mlango, akamtazama, akamwacha amalize kuomba radhi. Kisha akaenda kunawa mikono kwa sabuni, akaikausha vizuri, ndipo akampokea mjukuu wake.

"Yamekwisha, mwanangu. Uchungu wa mtoto naujua." Akamtengeneza mtoto kifuani, nepi isiguse kitovu. "Ila mwanangu mimi alikuwa amekaa pale pale. Alijua?"

Fundi alitamani kumdanganya.

"Alijua, mama."

Bibi akavuta kiti, akaketi, akaendelea kumpapasa mtoto mgongoni.