Kamba ya Chumba cha Tatu

Ngrrr. Kama nyuki aliyefungiwa ndani ya mto. Hiyo ndiyo sauti ya saa ya kengele ya bibi yangu, na mpaka leo naisikia sikioni, maana nilikuwa nikiiviringisha kwenye kanga na kuilalia makusudi, iniamshe mimi peke yangu, isiamshe nyumba nzima.

Tulikuwa Changamwe, mwaka mmoja au miwili kabla ya Uhuru. Bibi alipangisha vyumba vitatu kwa wanaume wa zamu ya usiku: mwokaji mikate, mlinzi wa ghala, na kuli wa gati la Kipevu, mtu wa bara, mpole, ambaye mkewe alikuwa amejifungua huko kwao. Mchana kutwa walilala, madirisha yamerudishwa, na mimi niliyeishia darasa la nne nilipewa kazi ya kumwamsha kila mmoja kwa saa yake. Mwanzoni niliinuka kila mara kutazama saa, hadi nikawa na usingizi kuliko wao. Kisha nikapata akili: nikaitega kwa yule wa karibu tu, nikalala, nikaota ndoto zangu. Ikilia namwamsha huyo, naitega kwa anayefuata, narudi ndotoni. Bibi alisema hajapata kuona mvivu mwenye hesabu kama mimi.

Msichana haingii chumba cha mwanamume. Kwa hiyo kila mpangaji alijifunga kamba kwenye kidole gumba cha mguu, ncha yake akaitoa dirishani. Mimi navuta mara moja. Akiamka, hujibu kwa kuvuta mara mbili. Basi, huyo nimemalizana naye.

Wiki ile kuli alikuwa ameshachelewa siku mbili, akaambiwa na serangi, msimamizi wa genge lao, kwamba ya tatu arudishe kibati chake cha namba. Asubuhi akanijia uani.

"Mwanangu, leo usiniache nipitiwe na usingizi," akasema. "Kazi hii ikinitoka, sina nauli ya kwenda kumwona yule mtoto."

Nikamwambia alale, inshallah nitamwamsha.

Saa kumi kengele ikalia. Nikavuta kamba ya chumba cha tatu, cha kuli. Nayo ikavutwa, mara mbili. Nikaitega saa kumi na moja, nikajilaza.

Ilipolia tena nikamwamsha mlinzi. Alipotoka kuoga akaniuliza mbona jirani yake bado anakoroma. Nikacheka, nikamwambia yule amenijibu zamani.

"Basi njoo usikie mwenyewe, bi mdogo."

Nikaenda dirishani. Kweli, alikuwa akikoroma. Nikavuta. Kamba ikavutwa mara mbili, polepole, kama mtu mwenye adabu, na mkoromo haukukatika. Nikavuta tena. Mara mbili tena. Bibi alikuwa amekwenda matangani Kisauni. Mlinzi akarudi nyuma, akaanza kusoma dua chini chini, akasema wallahi yeye mle haingii.

Nikausukuma mlango. Kulikuwa na giza la mchana na joto la pumzi. Kuli amelala chali, miguu yote miwili iko nje ya shuka, haina kitu. Kamba ilipita kando ya kitanda ikaingia uvunguni, imenyooka kama ya fundi mwashi. Sikuinama kutazama. Nilimshika kidole gumba, nikakibana kwa nguvu zangu zote, mpaka akafumbua macho.

"Saa ngapi?"

Nikamwambia. Alivaa suruali huku anakimbia. Mlinzi alimpakia kwenye baiskeli yake, wakaondoka bila hata kuaga. Alifika majina yakiitwa, na jina lake likiwa bado. Kesho yake aliniapia kwamba kamba aliifunga mwenyewe, mafundo mawili, wala hakuifungua.

Lakini jioni ile, walipokwisha kupotea kwenye kona, nyumba ilibaki na mimi tu. Mwokaji, wa kwanza kuamshwa, alikwisha kwenda zake. Nilisimama dirishani kwa muda, nikaona ncha ya kamba bado imekazika, haikulegea hata kidogo, kama kwamba kuna mtu anangoja upande wa pili. Nikamhurumia, sijui kwa nini. Nikaishika, nikavuta mara mbili, taratibu, kumjulisha kwamba mtu wangu ameamka.