Vichekesho vya Jumamosi Buchani

Jumamosi asubuhi mwenye bucha hampimii mtu nyama mpaka vichekesho vya redioni viishe. Watu wamezoea, wanasubiri na vikapu vyao. Kisu anakiweka chini, anafuta mikono kwenye aproni, kisha anacheka mpaka kulabu za nyama zinagongana. Nerys alilisahau hilo alipoingia na mwanawe kifuani. Mtoto alikuwa akiota meno, usiku kucha hawakulala, na sasa ndiyo kwanza mtoto amesinzia. Redioni, wana wa mfalme wa kale wa Wales waligombea urithi, huyu anataka mlima, yule anataka kondoo, na nyuma yao Mwingereza keshaanza kujenga ngome. Foleni ikaangua kicheko, mtoto akashtuka. Nerys akageuka atoke. Mwenye bucha akamwona. Mashavu yakamvimba, akaing'ata aproni.

“Kulikoni, umemeza mfupa?” bibi mmoja akamtania.

“Nimemeza mfalme mzima, bibi,” akanong'ona. “Taratibu jamani, mtoto kalala.”

Akaizima redio, wale ndugu hata hawajapatana, akamfungia Nerys soseji zake bila kuuliza. Nerys alipofika mlangoni, yeye alikuwa keshatangulia, ameifumbata kengele ya mlango kwa viganja vyote viwili isilie.