Nilinunua kidhibiti joto cha friji ya bia Koboko, nikamwambia Hajati ni cha mtindi

Wakuu, salaam kutoka Arua, Uganda, kule juu tunakopakana na Kongo. Haya yamenitokea mwenyewe, na friji ninayo hapa Mvara kama shahidi.

Mimi hupika bia ya mtama nyumbani. Si biashara, ni udadisi tu. Nataka kujua kwa nini ndoo moja inatoka tamu na nyingine inanuka gundi, wakati mtama ni ule ule.

Nilisoma sana, nikagundua mchawi ni joto. Hamira yangu inataka kama nyuzi ishirini. Chumba kina joto kuzidi hapo, na friji ikiachwa yenyewe inapoa mpaka hamira inalala.

Dawa yake ni temperature controller. Ni kidude kinachokaa kati ya soketi na friji, kina waya wa kupimia joto, kinakata umeme na kuurudisha chenyewe.

Presha ilianzia kwa baba mkwe, mkulima wa Aroi. Mvua ilimchezea, akavuna kidogo, lakini bado akanipa beseni la mtama wake. Alisema tu, "Pika, nitakuja kuonja." Wakuu, ukiharibu mtama wa namna hiyo, ukweni unarudi na sura gani?

Arua nilikuta za kuzungusha kwa mkono tu, hazina namba. Mimi nataka kuona namba! Nikaelekezwa Koboko, kwa mama wa Kinubi anayeuza spea za friji. Wote wanamwita Hajati.

Akaniuliza, "Hii unataka ya kazi gani?"

Hapo ndipo nilipochemka. Kwetu, mbele ya mama wa heshima kama yule, tena Hajati, neno pombe halitoki mdomoni. Nikasema ni ya mtindi.

Akafurahi, akanichagulia moja nzuri, akaibonyezabonyeza pale pale. "Mimi nafunga ya maziwa. Wewe naweka namba tu."

Nyumbani nikapoza uji wangu wa mtama uliochujwa hadi nyuzi kumi na nane, nikatia hamira, nikabandika ule waya ubavuni mwa ndoo na kitambaa juu yake. (Usiuache uning'inie hewani. Ukifungua mlango tu, hewa inakudanganya.)

Nikaweka ishirini. Namba zikaanza kushuka: kumi na saba, kumi na sita... Friji inanguruma, haipumziki. Nikasema, eh, kitu cha Koboko kina nguvu!

Kesho yake asubuhi inasoma mbili, na ukingoni mwa ndoo kuna barafu. Niliona aibu hata kabla baba mkwe hajafika.

Nikarudi Koboko. "Hajati, maziwa yameganda barafu. Niliweka ishirini."

Akanitazama. "Maziwa gani nataka ishirini? Mtindi nataka arobaini." Kisha akacheka hadi akashika kaunta. "Hii iko pombe! Sasa wewe naficha mimi kwa nini? Mimi hapana kunywa, lakini friji ya baa zote hapa, nani natengeneza?"

Kumbe mtindi hupashwa joto, kwa hiyo alikuwa ameifunga upande wa kupasha: baridi ikizidi, washa. Nami nimechomeka friji! Kila ndoo ilipozidi kupoa, friji ikaamriwa iendelee. Akanionyesha pa kugeuza kwenda upande wa kupoza, bado anacheka.

Hamira haikufa, ilikuwa imelala tu. Ndoo ilipopata joto, mapovu yakaanza, nikaimba peke yangu jikoni.

Baba mkwe akaja. Akanywa, akanywa tena. Halafu akasema kwa Kilugbara chake cha taratibu, "Nimebaki na mtama wa mbegu. Njoo uchukue nusu."

Mbegu, wakuu. Ule wa kupanda. Nikaenda, nikaupokea kwa mikono miwili.

Funzo langu: ukinunua kifaa, sema unapika nini, hata kama unaona aibu. Fundi hawezi kukufungia kitu usichokitaja.

Wenye uzoefu na hizi controller karibuni, nikosoeni. Ila kuna jambo linanisumbua kuliko friji. Ile nusu ya mbegu iko hapa mezani, imefungwa kwenye kitambaa. Ingekuwa nyinyi, mngeipika, au mngeirudisha shambani kwa mzee?